Kiyoyozi Tulichokiita Pepo

Fundi alikuja Jumanne, kijana wa Kerala,
Kiarabu chake kimechanganyika na misumari mdomoni.
Akafunga kiyoyozi, akafunga taa,
akaacha sakafuni kile kidude bapa cha kufagia,
akasema: basi, sasa nyumba inasikia.
Chagua lugha.
Nikapandisha kidole, nikateremsha.
Kijapani kipo. Kinorwe kipo,
cha watu nisiopata kukutana nao
hata kwenye foleni ya benki hapa Al-Khodh.
Chetu hakipo.

Mama alikuwa zuliani, anachambua mchele.
Goti lilikuwa linamlilia.
Akainua uso: Wee! Punguza baridi.
Ikajibu kwa Kiarabu cha taarifa ya habari:
Samahani, sikufahamu.
Akacheka, kisha hakucheka.

Maneno hayo hayo, akasema,
aliniambia mwalimu mwaka sabini na nne,
darasani Mutrah. Nina miaka kumi na miwili,
nimeshuka ndegeni na ulimi wa Mkunazini,
sijui kuomba ruhusa ya kwenda msalani.
Nilijikojolea, mwanangu, mbele ya wasichana arubaini.
Akarudi kwenye mchele wake,
akatoa jiwe, akalitazama, akaliweka kando.

Lakini kina faida, nisiwe mnafiki.
Julai, nje digrii arubaini na saba,
usukani unachoma kama kikaango,
nami nimekwama barabara kuu, bado sijafika Al-Mawalih,
natuma neno moja kwa simu,
na nikifungua mlango namkuta mama
amejikalia katika kipupwe cha kununua.
Mashine ya kufua inaniita ofisini nguo zikikauka.
Saa mbili usiku kisanduku kinamkumbusha dawa ya presha,
hakichoki, hakimkaripii kama mimi.
Na tangu usiku ule alipoanguka njia ya choo,
akikanyaga chini tu taa zinawaka mbele yake,
moja, halafu moja,
kama watu wanaompisha.

Programu ikataka majina. Nikayatia kwa chetu:
kifagio, Kobe. Taa ya ukumbini, Kimulimuli.
Kiyoyozi, Pepo.
Mama akashtuka: Wee Ghaniya! Pepo? Magharibi hii?
Ya upepo, mama. Au ya peponi, ukipenda.
Na mashine, isiyo na p kinywani,
ikaitangazia nyumba nzima:
Bebo imewashwa.
Tukacheka mpaka Kobe akajigonga kabatini.

Muhannad wangu ana miaka sita,
Kiarabu cha shule, Kiingereza cha katuni.
Kiswahili chake kilikuwa "njoo", "basi",
na matusi mawili aliyookota kwa mjomba wake.
Nilirekodi amri kwa sauti ya bibi yake,
mashine ikahifadhi mlio, maana ikaiacha.
Sasa mtoto anazunguka nyumba: Kobe, fagia!
Kobe, rudi kwako!
Akiteleza ulimi, Kobe hatikisiki,
na bibi, bila kuinua kichwa: Sema tena. Taratibu.
Jana alimwambia Kobe "ahsante".
Hatukumfundisha hilo,
wala Kobe hakulihitaji.

Ijumaa akaja shangazi Shinuna kutoka Ibra.
Wakakaa jikoni, kahawa, halwa, mlango wa friji unang'aa,
kidoa cha kusikiliza kiko macho,
na maneno yakamwagika:
nani kaachwa, mahari ya nani ilirudi nusu,
bibi harusi gani alilia kwa furaha na gani kwa kweli.
Miaka yote hiyo lugha hii waliificha madukani,
waliimeza mbele ya wenye ofisi.
Nikapita na simu mkononi:
Mama, nimesoma kwamba Kiswahili kitaongezwa karibuni.
Kikija nikitie?
Akaitazama friji kama mtu anayemtazama jirani dirishani,
akainamisha sauti, wala hakuwa na haja:
Ngoja kwanza,
tumalize haya ya mkwe.